Kiwanda Changu Kinanyumbulika

Jumatatu, 9 Machi

Sasa hivi mwanangu amevuta uzi wote wa buluu kutoka kwenye kidonge, akafunga mguu wa cherehani, mguu wa kiti na mguu wake mwenyewe. Amekaa katikati kama buibui aliyeshiba. Nimejaribu kufungua fundo lake, nimeshindwa, nimekata kwa mkasi. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Mtaa huu una mafundi wenye mvi ambao hawawezi fundo kama lile. Nimembusu vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kisha nikamfokea kidogo ili asizoee.

Asubuhi alipita Bibi mwenye nyumba. Alisimama mlangoni na funguo zake. Akatazama cherehani zangu tatu. Akatazama foronya saba, mfuko wa sokoni usio na mpini, na kofia ya mtoto yenye sikio moja. Akauliza mimi hasa natengeneza nini. Nikamjibu, chochote. Akasema hiyo ndiyo hofu yake. Eti chumba hiki ni cha kiwanda, si cha kulaza cherehani, na Mama Vifungo wa chumba cha pili ameshamwomba mara tatu wavunje ukuta apate kupanuka. Jumamosi saa sita mchana atapita tena. Akikuta cherehani zimelala, ukuta unavunjwa.

Nilitabasamu mpaka akapotea kona. Kisha nikakaa chini.

Nikikosa chumba hiki narudi kule kiwanda kikubwa cha mashati. Nilikaa miezi mitano. Kazi yangu ilikuwa kola. Kola tu, kola mia nne kwa siku, na getini hawaingizi watoto. Mtoto alikuwa kwa jirani, mimi kwenye mstari, maziwa yakinitoka mpaka gauni linalowa. Hapa analala chini ya meza ya kukatia na ninamsikia anavyopumua. Chumba hiki sikiachi.

Halafu Bibi haelewi biashara. Mimi nilihudhuria semina. Siku nzima, na cheti ninacho, kipo ukutani juu ya dirisha. Bwana wa semina alisema viwanda vidogo kama vyetu ndivyo vinavyobeba eneo zima, kwa sababu vina unyumbufu. Neno hilo nililiandika kwa herufi kubwa. UNYUMBUFU. Alisema kiwanda kikubwa ni lori, likikosea njia uchochoroni linaita mtaa mzima lisaidiwe kurudi nyuma. Kiwanda kidogo ni baiskeli, kinageuka hapo hapo. Leo mito, kesho mifuko. Mimi tangu semina nimegeuka mara kumi na moja. Wifi yangu, ambaye ndiye fundi wangu, anasema baiskeli inayogeuka kila dakika haijafika popote. Wifi hakuhudhuria semina.

Jumanne, 10 Machi

Nina oda. Naandika tena nione inavyopendeza: nina oda.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwenye kiwanda cha mikate, kile cha bomba refu barabara ya juu. Nilisikia wafanyakazi wao wanahitaji aproni. Nikampata mama wa ununuzi, mwanamke wa maneno machache, miwani imening'inia kifuani. Akasema anataka aproni nyeupe mia moja na ishirini, Jumamosi saa sita mchana, maana wakaguzi wa usafi wanakuja Jumatatu. Amekwisha kumwuliza Mama Vifungo. Mama Vifungo alisema ana kazi ya mashati, anaweza sitini tu. Mimi je?

Nikasema naweza zote.

Akanitazama. Akamtazama mtoto, ambaye juu ya bega langu alikuwa ameuvuta mkanda wa miwani yake, anaunyonya. Akauliza nina cherehani ngapi. Nikamwambia si idadi ya cherehani, mama, ni unyumbufu. Nadhani alichoka. Alinipa majora manne ya kitambaa, kila jora linatosha aproni thelathini na akiba kidogo, akasema hakuna la tano.

Wifi alipoona majora yanashushwa kwenye mkokoteni alikaa juu ya kidumu. Akapiga hesabu kwa vidole. Eti cherehani tatu, moja mkanda wake unateleza, kwa siku nne hatuvuki thelathini. Nikamwambia ndiyo maana yeye ni fundi na mimi ni mkurugenzi. Mpango ninao.

Mpango wangu. Mtaa huu una karakana kila mlango. Fundi Viti anashona vitambaa vya makochi. Fundi Maturubai anashona maturubai ya malori. Fundi Mabegi anashona mabegi. Wote wana cherehani, na juma hili wote wanalalamika kazi ni kidogo. Kila mmoja nampa jora moja, aproni thelathini. Mtaa mzima unakuwa kiwanda changu, na kodi nalipa ya chumba kimoja. Hata bwana wa semina hakufikiri mbali hivyo.

Mama Vifungo simhusishi. Ana cherehani tano, na ya sita ya kutoboa matundu ya vifungo ameifunika kitambaa kama bibi harusi. Akijua, atasema ni wazo lake.

Jumatano, 11 Machi

Tatizo la asubuhi: patroni.

Nimeichora mwenyewe kwenye karatasi ngumu. Kifua, kiuno, mshipi, mfuko mmoja katikati. Ni patroni nzuri mno. Nikiwapa mafundi watatu karatasi ile, wiki ijayo kila mmoja ni mshona aproni na mimi sina kazi. Wifi akasema tuwapigie kila mmoja nakala. Nikamwuliza kama ana akili timamu. Patroni nimeificha chini ya godoro la mtoto. Hapo hata jambazi atasita, kwa hali ya godoro lenyewe.

Badala yake nimeshona sampuli moja. Nimempelekea Fundi Viti, nimemwambia aitandaze, apige chaki pembeni yake, ashone ya kwanza, anirudishie sampuli yangu kabla ya saa sita mchana. Nisingeweza kuiacha ikazunguka mtaani, wangeifumua waone siri ya ule mshipi. Ya kwake ya kwanza ampelekee Fundi Maturubai apimie. Na Fundi Maturubai ampelekee yake Fundi Mabegi. Kila mtu anapimia ya mwenzake. Sampuli iko nyumbani, patroni iko chini ya godoro, siri haijatoka.

Fundi Viti alinitania. Akasema mama mdogo, sasa umekuwa bosi, tukuamkie shikamoo? Nikamwambia marahaba. Alicheka mpaka misumari ya makochi aliyoibana midomoni ikamtoka.

Zaidi ya hapo nimewakataza kutembeleana. Nimesema ni sheria ya ubora.

Alhamisi, 12 Machi

Siku safi. Aproni zetu ishirini na mbili zimekwisha. Wifi anashona, mimi nakata na kupiga pasi, mtoto anakusanya nyuzi na kuzila, nazitoa, anazila tena. Cherehani zote tatu zinalia. Nilifungua mlango wote ili Mama Vifungo asikie. Alipita mara mbili na ndoo ambayo haikuwa na maji.

Nilipita kwa Fundi Viti kukagua. Aproni zake zimekaa vizuri, upindo mwembamba kama wa sampuli, zimeshiba. Nikamsifu. Akasema yeye siku zote huongeza vidole vitatu kila upande, maana kitambaa cha kochi usipokiachia nafasi kinachanika mtu akikaa. Nikasema vizuri sana. Napenda fundi anayefikiri.

Jioni kabla ya kufunga alikuja Fundi Mabegi, mtu wa manung'uniko tangu azaliwe. Eti jora lake limeisha na aproni ni kumi na nane. Nikamwambia jora ni la aproni thelathini, limepimwa na watu wa mikate wenyewe. Akasema limeisha. Nikamwuliza kwa adabu kama nyumbani kwake kuna mtu ameshonewa shuka. Akakasirika. Akasema angekuwa mwizi angeiba kwa mtu mwenye mali. Nikamwacha aende zake. Mkurugenzi lazima awe na moyo mgumu.

Wifi akaniuliza kama nimeiona hata aproni moja ya Fundi Mabegi. Nikamjibu ninawaamini mafundi wangu.

Ijumaa, 13 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nane mchana mizigo yote ilifika. Zetu, thelathini. Za Fundi Viti, thelathini. Za Fundi Maturubai, ishirini na tano, naye akasema jora lilikuwa fupi. Za Fundi Mabegi, kumi na nane. Jumla mia moja na tatu.

Wifi akachukua moja ya kwetu akavaa. Inafika magotini. Safi. Akavaa ya Fundi Viti. Inashuka chini ya magoti. Nikasema heshima. Akavaa ya Fundi Maturubai. Inafika miguuni, na pande zake zinakutana nyuma. Nikajifanya nakunja nyingine. Akavaa ya Fundi Mabegi, na wifi akapotea. Ilibaki sauti yake tu, ikiuliza kama watu wa mikate wanaoka mikate au wanazika maiti.

Nimeuliza kila mlango. Ni hivi. Fundi Viti alipimia sampuli yangu, akaongeza vidole vitatu. Fundi Maturubai akapimia ya Fundi Viti, akaongeza kiganja kizima, maana turubai bila kiganja maji yanaingia. Fundi Mabegi akapimia ya Fundi Maturubai, akaongeza vidole vinne, maana begi linageuzwa ndani nje. Na wote watatu wakakunja upindo mwembamba kama wa kwangu, kwa kuwa nilipogawa majora niliusifia, na ziada yote ikabaki nje. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alishona kama alivyofundishwa na baba yake.

Fundi Mabegi nilimwomba radhi. Akasema amesamehe, lakini ile shuka ataikumbuka.

Nimefikiri njia ya kutoka. Nitamwambia mama wa mikate kwamba zimeshonwa kwa saizi nne kwa makusudi: ndogo, kati, kubwa, na ya wageni wa heshima. Ni unyumbufu huo. Wifi akasema na zile kumi na saba zisizokuwepo ni saizi gani. Nilikuwa namnyonyesha mtoto. Aliniangalia usoni muda wote, mkono wake mmoja umeshika kidevu changu, kama mtu anayeniuliza tutakwenda wapi sasa. Nikamwambia hatuendi popote, mama. Mama yako ana cheti.

Jumamosi, 14 Machi

Saa moja asubuhi Mama Vifungo aliingia bila hodi. Kumbe Fundi Mabegi hawezi kukaa na neno. Alishika aproni kubwa kwa ncha mbili, akaiinua, hakuuona mwisho wake. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Akauliza patroni iko wapi.

Nikasema ni siri ya kiwanda.

Akasema mwanangu, saa sita mchana chumba hiki kinakuwa changu, mimi ningeweza kwenda kunywa chai nikangoja. Nakuuliza mara ya pili.

Nikainua godoro. Karatasi ilikuwa imekunjamana na ina harufu yake. Mama Vifungo akaitandaza mezani, akaitazama, akaenda chumbani kwake, akarudi na karatasi nyingine ya zamani iliyotobolewa tundu la kutundikia. Akaziweka moja juu ya nyingine. Zilikuwa sawa. Akasema patroni ya aproni iko moja tu duniani, mwanangu, ya kwake imetundikwa ukutani tangu mimi sijazaliwa na anayetaka huazima. Fundi Maturubai, aliyekuwa mlangoni, akasema hata mke wake anayo.

Inaonyesha jinsi patroni yangu ilivyovuja haraka.

Nilimwuliza Mama Vifungo kwa nini ananisaidia na chumba anakitaka. Akasema chumba anakitaka, ndiyo. Lakini mtaa ukipeleka mahema kwa watu wa mikate, wiki ijayo hakuna karakana hata moja ya hapa itakayopewa kazi barabara ya juu, wala ya kwake. Watasema wale wa uchochoroni ni wale wa mahema. Kisha akaniambia nifunge mdomo nichukue mkasi.

Nitaandika yaliyofuata kwa utaratibu, maana najivunia.

Mama Vifungo aliwasimamisha wasichana wake watano katikati ya mashati. Wakavua uzi wa kijivu, wakatia uzi mweupe, na mashati yakawa aproni. Muda wa kupiga chafya tatu. Alitandaza zile kubwa kumi kumi, akalaza patroni juu, akapiga chaki. Fundi Maturubai akakata zote kumi kwa pamoja kwa ule mkasi wake wa kukatia turubai. Fundi Viti akakunja upindo, kidole kimoja, na kila akisahau Mama Vifungo alimgonga kidole kwa futi. Fundi Mabegi akashona mishipi. Cherehani za Fundi Viti zilibebwa mzobemzobe hadi kibarazani kwangu. Meza ya kukatia ilitolewa nje. Mtaa wote ulikuwa mweupe kwa nyuzi.

Bado kumi na saba. Mama Vifungo akaokota mabaki, yale mapana ya Fundi Mabegi na Fundi Maturubai, akaunganisha mawili mawili. Mshono ulipita katikati ya tumbo, unaonekana. Nikasema wataona. Akachukua mfuko, akauweka juu ya mshono, akaushona. Mshono ukapotea. Nilisimama nikatazama. Ningejua mwenyewe kama ningekuwa sina mawazo mengi.

Mtoto alilala juu ya rundo la vipande, mdomo wazi. Kila aliyepita alimruka.

Saa sita kasorobo Bibi mwenye nyumba alitokea kona na funguo zake. Nusu ya mtaa ilikuwa kwenye kibaraza changu. Akauliza nani anamfanyia kazi nani. Kila mtu akasema lake. Fundi Viti akasema anamfanyia kazi bosi mama mdogo, akaniamkia shikamoo mbele ya watu. Mama Vifungo hakuinua kichwa. Alikuwa anakata uzi kwa meno.

Saa sita mama wa mikate akafika. Akavaa miwani. Akahesabu mia moja na ishirini. Akavaa moja, akainama, akainuka, akaingiza mkono mfukoni. Akageuza pindo akatazama ndani. Nikaona alikuwa ameshika moja ya zile kumi na saba. Akasema mfuko umeshonwa kwa nguvu, ndivyo wanavyotaka. Akaagiza zipakiwe.

Bibi mwenye nyumba akamwuliza Mama Vifungo kama ule ukuta bado anautaka uvunjwe. Mama Vifungo akatazama cherehani, akamtazama mtoto amelala kwenye vipande. Akasema angoje kwanza. Eti ukuta si hoja, kinachohitajika ni mlango katikati, aweze kuingia upesi kuzuia maafa. Bibi akasema miezi mitatu, kisha ataangalia tena.

Nilimbeba mwanangu nikamkumbatia mpaka akalalamika. Hatuendi getini. Hatuendi popote.

Jioni nilimweleza baba wa mtoto yote. Alisikiliza, akasema basi Mama Vifungo amekuokoa. Nimegundua hakusikiliza vizuri. Nani alileta oda? Nani aligawa majora? Mtaa mzima ulinyumbulika kwa saa tano, mashati yakawa aproni, makochi yakawa aproni, maturubai yakawa aproni, na chanzo ni mimi. Nisingekosea, wangenyumbulika vipi? Nitamwandikia bwana wa semina.

Jumatano, 18 Machi

Wakaguzi walipita kiwanda cha mikate na kusifu aproni. Juzi jioni mama wa mikate alirudi mwenyewe, kwa miguu, hadi mlangoni kwangu. Sasa anataka kofia nyeupe za kuzuia nywele, mia moja na ishirini tena, Jumamosi ijayo. Mama Vifungo alikuwa amesimama kwenye mlango mpya wa katikati. Akasema tukae kwanza, tuchore patroni moja, tuitundike ukutani, kila mtu apimie hiyo hiyo. Nikamshukuru kwa wazo lake. Nikasema nitalifikiria.

Nimelifikiria. Patroni ya aproni ni ya dunia nzima, sawa. Lakini ya kofia nimeibuni mimi, ina mikunjo sita na lastiki nyuma. Hii haiendi ukutani. Iko ndani ya fremu ya cheti, nyuma ya jina langu.

Na nimejifunza, asiseme mtu sijajifunza. Shida juma lililopita ilikuwa kila fundi kuongeza. Basi jana nimewapelekea kofia moja ya sampuli, ipite mkono kwa mkono kama kawaida, lakini safari hii nimemwagiza kila mmoja kwa siri, mlango kwa mlango, kwamba anapopimia ya mwenzake apunguze vidole viwili kila upande, kwa tahadhari. Fundi Viti aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hilo ndilo linaloitwa uongozi. Alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima.

Nimeshaanza kufikiria glavu. Wafanyakazi mia moja na ishirini, mikono mia mbili na arobaini, na mtaa huu wenyewe una

Wifi ananiita kibarazani. Anasema Fundi Mabegi ameleta kofia zake zote thelathini, amezibeba kwenye kiganja kimoja, na anauliza kama wale watu wa mikate wana vichwa vya vifaranga.